Viungo Kumi na Kimoja Nilivyovisafisha kwa Ndimu

Wajukuu zangu, pamoja na ninyi vijana wengine wa mjini mnaojiita mafundi wa umeme, nawasalimu.

Juma lililopita nilikuwa napita karibu na soko la Morogoro, nikamwona mmoja wenu juu ya ngazi anaunga waya wa taa. Alikutanisha ncha mbili, akazisokota kwa vidole kama mtu anayesokota sharubu zake, akazungusha utepe mweusi, akashuka. Kazi yote haikuzidi muda wa kupiga chafya mbili. Nikamwuliza, "Mwanangu, huo waya umeuunga au umeuficha?" Akasema, "Shikamoo, babu. Siku hizi mambo ni haraka." Nikasema marahaba, nikamshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuyaona maendeleo, kisha nikavuka barabara upesi, nisiwe chini ya maendeleo hayo yatakapoanguka.

Basi nimeona niandike. Mimi niliunga waya za simu tangu zama za Mdachi, reli ilipokuwa imeshafika Morogoro, hadi Mwingereza aliponipa barua ya kustaafu na saa ya mfukoni isiyokwenda. Sina malalamiko. Vidole vyangu kumi vipo vyote, na hilo mafundi wengi wa rika langu hawawezi kulisema hata wakihesabu mara mbili. Nitawaeleza namna ya kuunga waya ukashika. Nitawaeleza pia habari ya viungo kumi na kimoja nilivyoviunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii, kwa akili hii, ambavyo nusura vimpeleke mtu asiye na kosa kwenye mnyororo wa boma.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Baraka, mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye sauti kama msumeno. Alijifunza kazi kwa Wadachi waliovuta waya kutoka Dar es Salaam, na alikuwa na adabu ya ajabu: kazi yako ikiwa mbaya alisema kidogo, na ikiwa nzuri hakusema kabisa. Nilikaa naye miaka kadhaa nikiusubiri ukimya wake kama wengine wanavyosubiri mshahara.

Waya wetu ulikuwa wa shaba ngumu, unene wake umezidi kidogo njiti ya kiberiti. Fundi Baraka alitufundisha kwanza kuusafisha. Unaukwangua kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, maana mkwaruzo mdogo kama unywele ndipo mahali waya utakapochagua kukatikia. Halafu unazilaza ncha mbili ubavu kwa ubavu, zipishane kiasi cha shibiri, na kila ncha unaikunja juu kidogo kama mkia wa nge ili isichomoke. Kisha unachukua waya mwembamba, unaanza katikati, unazungusha kwenda upande mmoja, mzunguko ukigusana na mzunguko, mpaka unavuka kiungo na kuufunga ule waya mmoja ulio peke yake mizunguko sita au saba. Unarudi katikati, unakwenda upande wa pili. Ndipo unaweka utomvu mkavu wa miti ya Ulaya uliokuja katika makopo, unaosafisha shaba ili lehemu ishike, kisha lehemu, na moto.

Na moto huo unauweka katikati tu. Hapa ndipo wengi mnapoharibu, nanyi mkiambiwa mnacheka. Shaba ngumu ikipata moto mwingi inalainika, na ikilainika inavutika kama ugali ambao haujaiva. Mzigo wa waya unabebwa pale mdomoni, kiungo kinapoishia na waya kuendelea. Ukipachoma pale, umetengeneza kitu kizuri cha kutazama kitakachodumu mpaka upepo wa kwanza.

Ukimaliza, Fundi Baraka alikuja akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mizunguko yako. Ukucha ukizama mahali, aliinua macho.

"Ramadhani, humu ndani analala nani?"

"Hakuna mtu, Fundi."

"Mbona umemwachia nafasi?"

Basi unafungua, unaanza upya. Nilianza upya mara nyingi hata nikawa naota mizunguko. Mama yangu alisema nilikuwa nazungusha vidole usingizini, akadhani mtoto wake kapagawa. Hakukosea sana.

Msimamizi wetu alikuwa Mdachi tuliyempa jina la Bwana Mara Moja, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya Kiswahili aliyoyapenda kuliko yote. Mungu amrehemu huko aliko. Alikuwa mtu mwenye kipaji kisichopatikana kwa urahisi: hakuwahi kukosea. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikumbuki hata siku moja aliyokosea, na kama mimi sikumbuki, basi yeye ndiye hakukumbuka kabisa. Jambo likiharibika, kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe kabla vumbi halijatulia.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Waya unapita katika nchi ya jumbe fulani. Waya ukikatika katika nchi hiyo, jumbe huyo ndiye amekata. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijasahaulika, na kila Mdachi aliyeona waya uko chini aliona nyuma yake watu elfu wenye mikuki. Siku moja upande wa Ngerengere, kule uwandani, twiga alipita akaubeba waya kwa shingo, akavunja vikombe vitatu vya kaure vinavyoshika waya nguzoni. Nyayo zake zilikuwa pale, kubwa kama sahani, na manyoya yake yamenasa kwenye waya. Bwana Mara Moja alizitazama nyayo, akafungua daftari lake, akauliza kwa utulivu, "Twiga huyu ni wa jumbe gani?"

Tulitazamana. Fundi Baraka akajibu, "Bwana, hata sisi hakutuambia," na Bwana akaliandika hilo.

Msinielewe vibaya: si kila kipya ni kibaya. Miaka michache kabla ya vita vikuu walituletea vibomba vya shaba. Unaingiza ncha moja kutoka huku, ncha nyingine kutoka kule, unabana kwa makoleo mawili, unapindua mara tatu kama unayekamua nguo, basi. Hakuna moto, hakuna utomvu. Fundi Baraka alivichukia vibomba hivyo kwa muda wa miezi mitatu mizima. Alisema ni kazi ya wapishi. Kisha alikifunga kimoja kwenye nguzo, akakivuta kwa watu wanne, waya ukakatika kando na kibomba kikabaki kizima. Akakitazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo tukatumia vibomba.

Sasa ndimu.

Waya ulikuwa unapelekwa milimani, kutoka Morogoro kupanda mpaka kambi moja ya kuchimba ulanga, lile jiwe linalong'aa na kubanduka kama karatasi, kule ukungu unakoamka kabla ya watu na kulala baada yao. Wakati huo vibomba vilikuwa bado havijatufikia, tulikuwa na lehemu na makopo yetu. Fundi Baraka alikuwa amelala mjini na homa, nami nikaachiwa kazi. Tulipofika katika nchi ya Jumbe Mloka, mchukuzi aliyebeba kopo la utomvu aliteleza kwenye jiwe. Yeye alishika mzizi. Kopo halikushika kitu. Tulilisikia likienda bondeni, likigonga hapa na pale, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nilituma habari kwa Bwana Mara Moja. Jibu lake mnaweza kulikisia, lina maneno mawili.

Sasa mtambue kwamba mimi ni mtu niliyesoma. Nilikaa chuoni kwa sheikh wangu tangu utoto mpaka nikahitimu juzuu zote thelathini, na kazi yetu wanafunzi kila ikikaribia Maulidi ilikuwa kusafisha taa na masinia ya shaba ya msikiti. Tulitumia ndimu na chumvi. Shaba iliyokuwa nyeusi kama sufuria ya msibani iling'aa hata ukajiona meno. Basi nikasimama pale mlimani, nikautazama waya, nikajiambia kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Wadachi wamevuka bahari na makopo yao na hawakujua jambo ambalo mtoto wa chuoni analijua.

Jumbe Mloka alikuwa na mindimu nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote yana miiba. Nilipomwomba alinijazia kikapu.

"Unataka kunywa zote hizi?"

"Nataka kuosha waya, Jumbe."

Akanitazama, akautazama waya, akautazama mlima. "Serikali," akasema, "haijawahi kunishangaza kwa jambo dogo."

Niliunga viungo kumi na kimoja katika nchi yake. Niwaambieni kweli, sijawahi kuona vizuri kama vile. Lehemu ilipita kama maji, ikajaa kila mahali, viungo vikang'aa kama masinia ya harusi. Ukucha haukupata pa kuzama. Nilishuka kwenye nguzo ya mwisho nikiwa najionea haya kwa jinsi nilivyokuwa hodari. Bwana Mara Moja alikuja, akaipima laini kwa mashine yake, ikasema vizuri, akauliza kwa nini haikuwa tayari jana.

Mimi, mtu anayetawadha mara tano kwa siku, ninayejua kwamba kila kitu kinachosafishwa hukamilishwa kwa maji safi, sikuusuuza waya hata mara moja. Yale masinia ya msikiti tuliyasuuza mara tatu, sheikh akiwa amesimama na fimbo. Mlimani sheikh hakuwepo. Chumvi na maji ya ndimu vikabaki mle ndani, chini ya mizunguko yangu isiyopitisha ukucha, nami nikavifungia kwa lehemu ili vifanye kazi yao bila kusumbuliwa na mtu.

Masika ikaja, ikapita. Karani wa simu pale Morogoro, enzi hizo za kupokea habari herufi moja moja kwa mlio wa mashine, akaanza kulalamika kwamba asubuhi zenye ukungu herufi zinapotea njiani. Kisha waya ukakatika katika nchi ya Jumbe Mloka. Kundi jingine la mafundi likaenda, likaunga, likazitupa ncha za zamani porini, likarudi. Kabla ya siku kumi ukakatika tena, nguzo nne mbele. Hapo Bwana Mara Moja akafunga mkanda wake. Alichukua askari wawili, Fundi Baraka aliyekuwa amepona, pamoja na mimi, tukapanda.

Karibu na kijiji askari walitutangulia, na tulipofika walikuwa wamekwisha maliza kazi yao. Jumbe Mloka alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya simu, pale waya ulipokatika, na watu wake wamekaa chini mbali kidogo. Dada yake alikuwa amesimama mbele yao. Mkononi alikuwa na bangili za shaba, kama walivyovaa wanawake wa milimani tangu kabla mtu hajawaza habari ya simu. Bwana alizielekezea fimbo yake.

"Shaba," akasema. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Dada akasema, "Hizi nilivalishwa na bibi yangu. Yeye alikufa kabla ninyi hamjazaliwa."

"Mara moja," Bwana akamwambia askari, maana yake Jumbe atachapwa pale pale, kisha atashushwa Morogoro na mnyororo shingoni, na huko boma wataamua amechochea watu wangapi. Nilikuwa nimewaona watu walioshuka kwa njia hiyo. Wengine nilikuwa nawaona mpaka wakati ule wakivunja mawe barabarani. Wengine sikuwaona tena.

Nami nikaambiwa nipande niunge.

Nilipanda. Ncha iliyobaki ilikuwa inaning'inia kwenye kikombe, nikaivuta. Ilikatika pale pale mdomoni mwa kiungo changu. Nilipoisugua kwa kidole gumba ikatoka unga wa kijani. Ninyi hamjasafisha masinia, kwa hiyo niwaeleze: unga ule ndio unaouona kwenye sinia ambalo mvivu hakulisuuza. Shaba ilikuwa imeliwa hata ikabaki nyembamba kama sindano.

Nitawaambia nilichofikiri kwanza, kwa sababu Mungu anakijua na hakuna faida ya kuwaficha ninyi. Nilifikiri kuitupa ncha ile kwenye majani. Nilikuwa juu, hakuna aliyeniona. Nikatazama chini kandokando ya nguzo, nikaona upara wa Jumbe Mloka moja kwa moja chini ya miguu yangu, unang'aa kwa jasho. Nikashuka.

"Bwana," nikasema, "waya huu haukukatwa. Umeliwa."

"Na nani?"

"Na ndimu, Bwana."

Alinitazama kama mtu anayetazama saa iliyopiga kumi na tatu. "Ndimu za nani?"

Nami, kwa haraka ya kusema kweli yote, nikajibu, "Za Jumbe, Bwana, yeye ndiye aliyenipa, lakini..."

Hakungoja lakini. Uso wake ukaangaza. "Jumbe ametia sumu waya wa Serikali!"

Kisha kutoka kwenye nguzo Jumbe Mloka akasema, bila kuinua sauti, "Ramadhani, mwanangu, kama unanitetea, nakuomba upumzike kidogo."

Nikapiga magoti. Nikaeleza upya, polepole: kopo lililoanguka, chumvi niliyotia mimi, maji ambayo sikuyamwaga, kosa langu peke yangu. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulitegemea. Bwana Mara Moja hakutaka kosa liwe langu. Viungo vile alikuwa amevipima yeye, akavitia sahihi. Kama ni vibovu, basi mahali fulani katika daftari la Serikali palikuwa na sahihi yake chini ya kitu kibovu, na jambo hilo haliwezekani. Jumbe mwasi alikuwa rahisi zaidi, na kwa hakika alikuwa tayari amefungwa.

"Viungo ni vizuri," akasema. "Nimepima."

Fundi Baraka, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa juu ya sanduku la vyombo, akasema, "Bwana, vimebaki vingine vya ndimu. Tukishushe kimoja tukivute. Kikikatika, kijana amesema kweli. Kisipokatika, fanya upendavyo."

Bwana akaipenda hiyo. Ilikuwa na sura ya sheria.

Tukaushusha waya kutoka kwenye nguzo tatu za mbele mpaka kiungo kikawa usawa wa kifua. Kwa nje kilikuwa bado kinang'aa kama siku ya kwanza. Nikaambiwa nivute.

Wajukuu zangu, maisha yangu yote nilikuwa nimemwomba Mungu viungo vyangu visikatike. Nilikuwa naomba baada ya kila sala, kwa majina ya nguzo. Asubuhi ile nilikishika kiungo changu kwa mikono miwili, nikainua miguu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, nikamwomba kwa machozi akikate. Hakikukatika. Nikaruka. Kikanirudisha juu kama mtoto kwenye bembea. Mchukuzi mmoja akaja akaning'inia nami. Tukawa wawili, halafu watatu, tumejazana pale kama ndizi. Kile kiungo, kibovu kuliko vyote nilivyowahi kuunga, kilichagua siku hiyo kuwa shujaa.

"Vuta vizuri," akasema Jumbe Mloka. "Mgongo wangu unakutazama."

Bwana Mara Moja akakaribia. Akapitisha kidole juu ya mizunguko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi nzuri sana, Ramadhani," akasema.

Nilimtumikia miaka saba. Hiyo ndiyo mara pekee aliyonisifu.

Askari akaanza kumfungua Jumbe kutoka nguzoni ili amlaze chini. Mimi nimekaa kwenye majani, mikono inatoka damu. Ndipo Fundi Baraka akainuka kwenye sanduku lake, akaja akasimama juu yangu, akasema kwa ile sauti ya msumeno, "Wewe mjinga. Nani alikwambia waya wa simu unakufa kwa kuvutwa?"

Nikainuka.

"Upepo unavuta? Upepo unayumbisha. Yumbisha."

Nalo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza katika kazi hii, nanyi mlishike hata mkisahau mengine. Kiungo kinaweza kubeba watu watatu kwa wakati mmoja na kisiweze kubeba upepo mwembamba wa kila siku, huku na huku, huku na huku, pale mdomoni. Nguvu ya siku moja inawadanganya hata mafundi.

Nikakishika kiungo pale kinapoishia, nikakiyumbisha. Kwenda juu, kwenda chini. Sikutumia nguvu, ni kama mtu anayetikisa kitambaa. Askari wakatulia kutazama. Nikahesabu moyoni. Nilipofika kumi na nne, kikatoa sauti ndogo, tik, kama kucha inayovunjika, kikabaki mkononi mwangu kimekatika, na unga wa kijani ukamwagika juu ya kiatu cha Bwana Mara Moja.

Akakitazama kiatu chake kwa muda. Fundi Baraka akachukua kisu, akafungua mizunguko yangu moja baada ya moja mbele yake. Mle ndani mlikuwa kijani kama dimbwi lililotuama. Watu wa Jumbe walikuwa wamesogea karibu kutazama.

Msidhani Bwana alisema samahani. Alifungua daftari, akaandika kwa muda mrefu, kisha akatangaza hukumu. Jumbe afunguliwe. Ramadhani apigwe viboko kumi na vitano. Na mindimu yote iliyo ndani ya hatua mia kutoka kwenye waya wa Serikali ikatwe, mara moja, kwa usalama wa simu. Mimi nilikuwa nimemsumbua kwa ukweli, twiga alimsumbua kwa shingo, lakini mindimu haikuwa na la kujitetea. Jumbe Mloka akasema, "Ndiyo, Bwana," kwa furaha ambayo sijaisikia tena kwa mtu anayekatiwa mindimu yake.

Viboko vyangu nilivipata mchana ule ule. Nilimshukuru Mungu kwa ile idadi, maana ingeweza kuwa hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, na nilimshukuru pia kwa kunipa kazi ya nguzoni ambayo haimlazimishi mtu kukaa. Fundi Baraka alinipaka mafuta ya nazi mgongoni na makalioni bila kusema neno. Nililala kifudifudi nikiusikiliza ukimya wake, nikajua siku hiyo kazi yangu ilikuwa nzuri.

Kesho yake nikaanza kuunga upya vyote vya ndimu, na kopo jipya la utomvu nimelifunga kiunoni mwangu mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa pale pale tulipobembea. Nilikwangua kwa mgongo wa kisu, nikazungusha, nikaweka moto katikati. Kilipopoa nikakipangusa, nikakiyumbisha mara hamsini, kikatulia. Nilipoinua macho nikamwona Jumbe Mloka amesimama kando, kajifunga shuka, alama za kamba bado ziko mikononi.

"Leo tunaomba kikatike au kisikatike?" akauliza.

"Kisikatike, Jumbe."

"Basi sema wazi. Jana ulimchanganya Mungu wako."

Nikafumba macho nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie. Kisha nikakishika kiungo, nikainua miguu. Jumbe akaweka fimbo yake chini, akakishika kwa upande wa pili, akainua ya kwake, mzee mzima, tukaning'inia wawili, tukitazamana, mpaka mikono ikachoka.